Magunia Stooni kwa Mama

Mwenyekiti Businge wa baraza la mji aliponiita "Bi Kabasinguzi" nilijua amekuja na shari. Kwetu Tooro, huku magharibi mwa Uganda, mtu anayekutakia heri hukuita kwa jina lako la upendo, na langu ni Adyeri. Hata mlevi wa sokoni asiyejua leo ni siku gani hakosei kuniita Adyeri. Mwenyekiti naye alikuwa ameniita hivyo miaka sita. Jumatatu ile alisimama kwenye lango la uwanja wangu wa mboji, leso puani ingawa hapakuwa na harufu yoyote, akaninyooshea karatasi yenye muhuri.

"Bi Kabasinguzi, wakulima wamelalamika."

"Wamelalamikia nini, Mwenyekiti?"

"Mnyauko. Huko Kyamukoka migomba inakufa, mashamba saba sasa. Wanasema ugonjwa umetoka kwenye mboji yako."

"Hauwezi kutoka kwangu."

"Hauwezi? Kwani wewe Mungu?"

"Mimi si Mungu. Nina kipimajoto."

Hakucheka. Alinisomea karatasi yenyewe kana kwamba sijui kusoma. Mkutano ungekuwa Ijumaa saa kumi, pale pale uwanjani. Wakulima wasiporidhika, baraza lingefunga lango, wafanyakazi wangu ishirini na wawili wangerudi nyumbani, na maganda ya mji mzima yangerudi kumwagwa bondeni juu ya chemchemi kama zamani, tulipokuwa tukizika watoto kwa kuhara kila msimu wa mvua. Kisha akakunja karatasi, na nikaona kabisa kwamba lililobaki alikuwa amelihifadhi mwisho ili alionje utamu wake.

"Shamba la kwanza kwenye orodha ni la mama yako mzazi. Magunia kumi na mawili ya mboji yako ametia, kuliko mtu yeyote. Na ndilo lililooza kuliko yote."

Niseme wazi, mimi ni mtu wa kujisifu, na uwanja ule ndio sifa yangu. Nilibishana na baraza miezi minne kuhusu mahali pa kuujenga. Wao walitaka kule bondeni kwa sababu lori lingeshuka bila kuunguza mafuta. Mimi nikataka mlimani, mbali na chemchemi, mahali ambapo upepo unaelekea kwenye msitu wa mikaratusi na si kwenye madirisha ya watu. Nilishinda. Sakafu nikaitaka ya zege, iinamie upande mmoja kidogo tu, ili maji yanayochuruzika kwenye taka yafuate mfereji hadi kwenye bwawa lake na tuyarudishe juu ya matuta wakati wa kiangazi. Fundi aliniambia sakafu ya takataka haihitaji pimamaji. Nilimbomolesha kazi ya siku tatu, akaianza upya, na mpaka leo akiniona njiani anavuka barabara.

Taka ikifika haiingii hivi hivi. Inapita kwanza kwenye meza ya kuchambulia, kwa Kobugabe na wanawake wenzake, wenye macho ya kunguru. Chupa huku, mifuko huku, betri kwenye pipa lake. Siku moja lori lilileta sindano za hospitali katikati ya maganda ya matoke. Nililirudisha na shehena yake yote, dereva akanitukana mimi na ukoo wangu, nami nikamrudishia tusi na riba yake. Kinachobaki baada ya meza tunakipanga matuta marefu yanayonifika kifuani, tunachanganya na majani makavu kwa sababu ganda la matoke ni maji matupu, na hapo moto wenyewe unaanza bila kiberiti.

Kipimajoto changu ni fimbo ya chuma iliyouzidi mkono wangu kwa urefu. Ninaichoma tumboni mwa tuta kila asubuhi. Chini ya hamsini na tano sikubali. Siku kumi na tano mfululizo liwe juu ya hapo, na ndani ya siku hizo tuta lipinduliwe mara tano, ili kilichokuwa nje kwenye ubaridi kiingie ndani nacho kikapikwe. Ukipindua mara nne umeacha ngozi ya tuta mbichi, na kwenye ngozi ndipo ugonjwa unapojificha. Baada ya hapo linapoa na kutulia wiki nne, ndipo tunachekecha na kushona magunia. Sijawahi kuruka hata hatua moja. Siku trekta lilipokufa, tulipindua kwa majembe, na mimi nilikuwa wa kwanza kushika jembe.

"Adyeri, si tuwafungulie daftari tu?" Kobugabe aliniuliza baada ya Mwenyekiti kuondoka. "Kila joto limeandikwa. Kila tuta."

"Mtu aliyepoteza migomba yake hasomi daftari, Kobugabe. Anatafuta shingo ya kukaba."

"Basi tafuta shingo nyingine upesi. Hii yako ni fupi."

Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kijijini Kyamukoka, kwa mama kwanza.

Shamba lile baba alilipanda kabla sijazaliwa. Nilipofika nilikuta migomba imeinamisha majani ya manjano kama waombolezaji, ndizi changa zimeiva kabla ya wakati, na ua la mkungu limekauka jeusi. Nikachukua panga nikakata shina moja, nikasubiri. Usaha wa manjano ukatoka taratibu pale nilipokata. Nililia, sioni aibu kusema. Baba alikuwa akinipigia hesabu ya ada ya shule kwa kunionyesha mikungu ile ile.

Mama alikuja nyuma yangu na kikombe cha chai ya maziwa. Watu wote humwita Akiiki, ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ugomvi wa mipaka kijijini ukishindikana kwa mwenyekiti hupelekwa kwake, maana inajulikana kwamba Akiiki hasemi uongo.

"Kunywa kwanza. Kulia hakufukuzi ugonjwa."

"Mama, mboji niliyokuletea uliitia wapi hasa?"

"Kila mahali."

"Ulichimba ukafukia, au uliimwaga juu?"

"We mtoto, polisi walikuajiri lini?"

Nikamwangalia, naye akaangalia kuku. Sasa, mboji ya mji ina alama yake. Chekecha utakavyochekecha, hutakosa kichembe cha kifuniko cha soda au kipande cha kioo kidogo kuliko punje ya ulezi. Mimi naijua mboji yangu nikiwa nimefumba macho. Nikapiga magoti nikachimbua chini ya mgomba wa kwanza, wa tano, wa kumi. Udongo mwekundu mtupu. Nikainuka nikaelekea stoo.

"Usiingie huko," mama alisema. "Kuna nyoka."

"Nyoka gani?"

"Mkubwa."

Niliingia. Magunia kumi na mawili yalikuwa yamepangwa ukutani vizuri sana, nyuzi zake hazijafunguliwa, zile zile nyekundu ninazoshonea mimi mwenyewe. Juu yake kuku wawili walikuwa wamelalia mayai.

"Mama!"

"Hizo ni takataka za watu, Adyeri." Alisimama mlangoni, kikombe bado mkononi. "Nepi za watoto. Makombo ya wagonjwa. Nitazitiaje kwenye chakula alichopanda baba yako? Aliuza ng'ombe tisa usome chuo. Tisa! Nawe ukarudi kuja kuchambua maganda ya jirani."

"Na mbona umewaambia watu wote kwamba umetia? Kila Jumapili unanisifu kanisani."

"Ningewaambia nini? Kwamba kazi ya mwanangu inanichefua hata mimi niliyemzaa?"

Iliniuma. Miaka sita nilikuwa nikidhani yupo mtu mmoja kijijini asiyeziba pua akinisikia nikitajwa. Lakini mimi nina kichwa kisichojua kupumzika, na katikati ya maumivu yale kikaniletea hesabu yake: shamba lililooza kuliko yote halijawahi kuonja mboji. Basi mboji haina kosa, na ushahidi wenyewe uko hapa, unataga mayai juu yake.

"Mama, haya magunia ndiyo kinga yangu. Ijumaa nitayapeleka mkutanoni."

"Ukiyatoa nje umenivua nguo mbele ya kijiji," alisema polepole. "Watu wamegawana mashamba kwa neno langu. Nani ataniamini tena?"

Nilimwambia, kwa hasira zaidi kuliko upendo, kwamba ningeshinda bila magunia yake. Kisha nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Nani alikupogolea migomba msimu huu?"

"Araali. Nani mwingine mwenye mkono kama wake?"

Mzee Rwakaikara, yaani, ambaye kila mtu humwita Araali. Alikuwa amepogoa mashamba ya Kyamukoka miaka hamsini na zaidi, na watu waliamini kwamba mgomba ukiguswa na mkono wake huzaa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Alikuwa na kisu kimoja tu maisha yake yote. Hakuwahi kukiosha. Utomvu uliogandia kwenye bapa lake kwa miaka mingi, mweusi kama lami, ndio uliokuwa cheti chake. Alipoingia shambani kwako alikuonyesha kwanza ule weusi, kama daktari anavyotundika karatasi zake ukutani. Na kisu kinachotoka kwenye mgomba mgonjwa, kikaingia kwenye mzima bila kupita motoni, kinapanda ugonjwa vizuri kuliko mvua inavyopanda magugu. Hilo tulifundishwa chuoni mwaka wa kwanza.

Siku mbili zilizofuata nilitembea mashamba yote. Yale saba yaliyougua yote yalipogolewa na Araali. Mengine kumi na moja yaliyotiwa mboji na kupogolewa na wenyewe yalikuwa kijani kibichi. Kwangu ilitosha. Kwa wakulima haikutosha hata kidogo. Nilipomwambia mmoja wao, alinijibu, "Hayo kumi na moja zamu yake bado." Na wenye yale mengine sita yaliyougua kila mmoja aliapa, na alikuwa anasema kweli, kwamba alitia mboji kwa mikono yake. Mboji na kisu viliingia pamoja katika mashamba yao. Kilichoweza kuvitenganisha ni shamba moja tu, na mwenyewe alikuwa ameniomba ninyamaze.

Ijumaa saa kumi uwanja ulijaa. Niliwakalisha chini ya banda tunalopozea mboji. Nikachoma kipimajoto kwenye tuta la kumi na tisa mbele yao, nikakisoma kwa sauti: sitini na tatu. Nikawaambia yai linaiva humo, na ugonjwa wa mgomba ni dhaifu kuliko yai. Nikawaeleza kwa nini tunapindua mara tano. Nilisema vizuri, najijua. Wakaguna mguno ule wa watu wanaoanza kulegea. Nikaendelea na mashamba kumi na moja, kisha nikataja kisu.

Nilikosea hapo. Banda zima lilinigeuka kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Kisu cha Araali?" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Kilichomlisha mama yako ukakua na mashavu hayo?"

Mzee Rwakaikara akainuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. "Adyeri mwanangu," alisema, "nimepogoa tangu babu yako yu hai. Nilipogoa shamba lile lile la baba yako wiki uliyozaliwa. Nimeua mgomba wa nani miaka yote hiyo? Takataka zenu zimekuja juzi, na ugonjwa umekuja juzi." Akaketi. Watu wakampigia makofi, na kusema kweli nami ningempigia, kwa jinsi alivyoipanga hoja.

Mwenyekiti alinigeukia. "Tusipoteze muda. Nitajie shamba moja, moja tu, lililougua bila kutiwa mboji hii. Ukilitaja, mkutano umekwisha. Usipolitaja, nafunga."

Kobugabe, ambaye nilikuwa nimemwambia kila kitu, alinikodolea macho hadi nikahisi yananichoma. Nyuma yake walikaa wale ishirini na mmoja wengine, wengi wao wanawake wasio na shamba wala mume. Nilifungua mdomo. Hadi leo sijui ningetamka nini, maana upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unasema sema, na upande mwingine ulimwona mama kanisani Jumapili, amekaa benchi peke yake.

"Ngojeni!"

Sauti ilitoka langoni. Mama alikuwa anasukuma mkokoteni wa jirani, aliyemsaidia kuupandisha mlima mpaka pale, ameinama, jasho linamtoka, na ndani yake magunia kumi na mawili yenye kinyesi cha kuku juu. Miaka sita hakuwahi kuvuka lango lile. Vijana wawili walikimbia kumsaidia, akawafukuza kwa mkono. Akausukuma mwenyewe mpaka mbele ya meza ya Mwenyekiti.

"Hesabu," alimwambia.

"Akiiki, mama, kaa kwanza upumzike..."

"Nimesema hesabu. Mimi si mgonjwa."

Mwenyekiti akahesabu. Yalikuwa kumi na mawili, nyuzi zimefungwa.

"Shamba langu limekufa lote," mama alisema, akiwa amewageukia watu. "Mnajua. Mmekuja kunipa pole. Basi mboji ya mwanangu haijagusa hata shina moja. Niliwaambia nimetia. Niliwadanganya, wote, na kanisani pia. Niliona ni uchafu, nikaona aibu, na nikaona aibu ya kusema naona aibu." Akapumua. "Kilichoingia shambani kwangu msimu huu ni kisu cha Araali tu. Nilimwita mwenyewe na nikampa pombe ya ndizi juu. Anayetaka kunisema, aniseme hapa nikisikia."

Mwenyekiti alitoa kisu kidogo mfukoni akakata uzi wa gunia la kwanza, akaingiza mkono kwa woga, akautoa na konzi ya mboji nyeusi inayomumunyika. Akainusa. Akainusa tena. "Mbona hii ni udongo wa msituni," alisema, kana kwamba nimemdhulumu.

Ndipo watu wakamgeukia mzee Rwakaikara, na sikupenda nilichokiona machoni mwao. Watu walewale waliompigia makofi! Alikuwa amekaa, kisu mapajani, anakitazama. Mmoja akaanza kusema habari ya fidia. Nikapaza sauti kabla hajamaliza.

"Hakuna wa kumlipisha mtu hapa! Nani kati yenu aliwahi kumwambia akipitishe motoni? Mlikuwa mnabusu ule weusi!" Nikamwendea mzee. "Araali, kisu chako ni kizuri na mkono wako ni ule ule. Ila kila ukitoka shina moja kwenda jingine, kipitishe kwenye moto. Kila shina. Hata likionekana zima."

"Miaka hamsini," alisema, "hakuna aliyenifundisha hivyo."

"Miaka hamsini ugonjwa huu haukuwepo."

Akainuka kwa shida, akaenda kwenye moto ambao wanawake walikuwa wanachemshia chai, akakilaza kisu juu ya makaa mbele ya kila mtu. Utomvu ukatoa moshi mzito, ukaanza kuchubuka magamba magamba. Alisimama pale mpaka chuma kikaonekana. Kisha akasema ataanza kesho kupita kwa wale saba kuwaomba radhi na kuwasaidia kung'oa, na akaenda zake bila kumngoja mtu. Alitimiza. Kwa mama alikuja wa kwanza, na jembe lake.

Mkutano ulikwisha hivyo, na karatasi ya Mwenyekiti iliishia mfukoni mwake bila kutiwa sahihi. Watu walikuwa na haraka nyingine. Waliyavamia magunia ya mama, huyu akajaza kapu, yule akajaza khanga, na kabla jua halijatua ulibaki mkokoteni mtupu na manyoya ya kuku. Mama alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Wezi wakubwa nyie," alisema, ila bila hasira. Kisha akanijia. "Na mimi je? Migomba inang'olewa, nitapanda maharagwe mpaka udongo upone. Nitatia nini?"

"Tuta la kumi na tisa, Mama. Limebakiza kupinduliwa mara moja, halafu lipoe wiki nne."

"Wiki nne! Si unikatie hilo hilo, maadamu limeshaiva?"

"Halijaiva."

"Hata kwa mama yako mzazi?"

"Hata kwa mama yangu mzazi."

Alinitazama kwa jicho lile ambalo nilipokuwa mdogo lilitangulia viboko. Nilisimama palepale sikutikisika. Akafyonza, akashika mkokoteni wake, akatoka.

Jumanne asubuhi, siku ya kupindua, nilifika saa moja kasoro nikamkuta ameshafika kabla ya mlinzi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na begani amejifunga mwenagiro, shuka nyeupe ya heshima ambayo huwa haitoki sandukuni ila kwa harusi na mazishi ya wakubwa. Hakunisalimu. Aliomba kipimajoto, akakichoma kwenye tuta kwa nguvu zote, akangoja, akaniambia nimsomee.

"Sitini na moja."

"Sema kwa sauti. Wasikie."

Nikasema kwa sauti. Wanawake wa meza ya kuchambulia waliacha kazi wakageuka kumtazama mama wa juzi, aliyevaa hivyo asubuhi asubuhi kwenye takataka. Mama aliliacha tuta, akapangusa mikono, akawaendea mmoja baada ya mwingine akiwapa mkono, na zile glavu zao chafu hivyo hivyo.

"Hatujasalimiana bado," alimwambia kila mmoja. "Mimi ndiye niliyemzaa yule."